Dirisha la Duara

Saa kumi na mbili na nusu, kabla pikipiki hazijaamka,
barabara kuu ya Bukavu hunionyesha uso wake
kabla ya kunawa.
Natembea upande wa kulia, shingo juu,
kama mtu aliyetorokwa na kasuku.
Ya chini nayajua: vocha, mizani, vitenge vilivyokunjwa.
Ninachotafuta kiko orofa ya kwanza,
pale ambapo hakuna aliyefikia kupachika bango.

Namba kumi na nne: roshani tatu,
zimejikunja pembeni kama mdomo wa mtungi.
Namba kumi na sita: mwaka umechongwa juu ya mlango,
tarakimu ya mwisho imeanguka;
nyumba haijui tena umri wake, wala haioni aibu.
Namba ishirini: haipo.
Kuna vioo vya buluu,
na ndani ya vioo, namba kumi na tisa
imesimama ng'ambo, imepinda.

Daftari langu lina nyumba sitini na moja.
Mwaka juzi zilikuwa sabini na nne.
Nsimire, mke wangu, huliita kitabu cha matanga.

Usinidhanie mpenzi wa wakoloni.
Babu yangu Rugusha aliyapandisha mawe haya kutoka ziwani,
jiwe begani, tope magotini,
na filimbi ya jioni ikilia
alipaswa awe amekwisha kurudi Kadutu,
asionekane chini ya taa alizozisimamisha mwenyewe.
Kwenye benchi za zege za bustani ile
alikaa mara moja tu: siku ya kuzisugua.
Leo wameketi pale mng'arisha viatu,
mwanafunzi wa sheria aliyefeli,
na mama mwenye beseni la sambaza.
Hakuna aliyeomba ruhusa.
Hilo nalo ni jengo. Nimeliandika.

Jumatatu waliianza namba kumi na nne.
Mwenye nyumba, Chirimwami, alinieleza bila hasira:
"Watoto wanane, kiwanja kimoja.
Roshani haigawanyiki kwa nane."
Sikuwa na jibu.
Niliyaandika maneno yake chini ya mchoro.

Fundi Bisimwa alipiga nyundo, nyundo ikamrudia.
Akapiga tena. Ukuta ukatema punje mbili.
Saa sita akaketi, akaonja kifusi kwa ncha ya ulimi.
"Mchanga huu waliuosha," akasema.
"Siku hizi nani anaosha mchanga?"
Siku nne, roshani moja.
Akadai nyongeza ya malipo
kwa sababu babu yangu alifanya kazi vizuri.

Nilinunua dirisha la ngazini:
duara, chuma, kioo chenye ufa mmoja,
dola kumi na tano, na bia ya Bisimwa.
Nikalitia begani, nikapanda nalo Kadutu
kwa njia ya babu, saa ya babu,
ila filimbi haikulia.
Vijana wa kona wakacheka:
"Papa, hiyo meli uliyoing'oa usukani
itarudije Goma?"

Sasa limo ukutani kwetu, ukuta wa mbao,
limekazwa kwa misumari ya bati
na kitambaa pale upepo ulipopata mwanya.
Maisha yake yote lilitazama ziwa.
Sasa linatazama jiko la Mama Nabintu, hatua mbili,
makaa, sufuria, ndoo isiyo na mkono,
na mwanawe wa mwisho, ambaye kila asubuhi
hubandika pua kwenye ufa na kutuhesabu
kama mkaguzi.

Nilifuta namba kumi na nne. Sitini.
Usiku, kwa mwanga wa simu,
nikachora duara dogo ukurasa wa nyuma,
nikakosa namba ya kuliandikia:
huku kwetu nyumba hazina namba.

Nsimire, bila kuniuliza,
amelishonea pazia la mraba.
Pembe zake nne zinaning'inia tu,
hazijui ziende wapi.